Lagat ni wa Nani?

MTANGAZAJI: Orodha ya wakimbiaji wakuu wa Marekani tuliyoombwa na jarida nianze na jina litakalotugawa. Katika wakimbiaji wote waliowahi kuvaa fulana ya Marekani, Bernard Lagat namweka juu kabisa. Osaka, mwaka 2007, alishinda mita 1,500 katika mashindano ya dunia, na siku nne baadaye akarudi uwanjani akashinda mita 5,000. Kabla yake hakuna mwanaume aliyezitwaa zote mbili katika mashindano hayo. Na yule aliyemkosa kwa sekunde 0.13 kwenye mita 5,000 alikuwa Eliud Kipchoge. Mnataka ushahidi gani zaidi?

KOCHA: Ushahidi kwamba ni Mmarekani. Mbio zake hazina wa kuzibishia. Lagat ni mzaliwa wa Kapsabet. Shaba ya Sydney 2000 aliivalia fulana ya Kenya, fedha ya Athens 2004 aliivalia fulana ya Kenya. Shamba tulilima sisi, palizi tukapalilia sisi, mahindi yalipokauka vizuri mwenzetu akaja na gunia. Leo unataka nimwite yeye mkulima?

MWANARIADHA: Kwa heshima zote, Mzee wangu, mahindi hayo hayakukaukia shambani kwetu. Lagat aliondoka Kenya mwaka 1996 kwenda Chuo Kikuu cha Washington State, pale Pullman, na alipofika hakuna aliyemjua. Muda wake wa 3:26.34, uliomfanya mtu wa pili kwa kasi katika historia ya mita 1,500 nyuma ya Hicham El Guerrouj, aliukimbia Brussels mwaka 2001, baada ya miaka mitano ya mazoezi ya Marekani. Kocha aliyemshika mkono tangu chuoni mpaka uzeeni ni James Li, naye mzaliwa wa China. Kuzaa si kazi, kazi kulea.

KOCHA: Methali hiyo ni yangu, binti, usininyang'anye. Miaka 21 ya kwanza alilelewa na nani? Kapsabet iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kifua kile hakikujengwa kwa miaka mitano ya chuo.

MTANGAZAJI: Watu wangapi wana kifua hicho hapo Nandi na hatuwajui?

KOCHA: Wengi. Ndiyo maana wanaotoka huenda kutafutiwa nafasi. Nafasi siikatai. Ninachokataa ni kuhamishiwa historia. Mtu akikupa kazi hajawa baba yako.

MWALIMU: Kocha anasema kana kwamba Marekani yenyewe ilikuwa na orodha safi ya wenyeji, halafu akina Lagat wakaja kuichafua. Tuifungue orodha hiyo. Katika mita 10,000 za wanaume, tangu mbio hizo ziingie Olimpiki mwaka 1912, Marekani imepata medali nne tu. Nne, kwa zaidi ya karne nzima. Ya kwanza ni fedha ya Louis Tewanima, Stockholm, mwaka huohuo wa 1912. Tewanima alikuwa Mhopi kutoka Arizona. Mwaka 1907 jeshi la Marekani lilimchukua pamoja na wenzake kama wafungwa, kwa sababu watu wa kijiji chao walipinga mipango ya serikali, ikiwemo ya kuwapeleka watoto wao shule za bweni. Wakapelekwa shule ya Carlisle, Pennsylvania, upande wa pili wa nchi, wakafundishwa kusahau lugha yao. Huko ndiko alikogunduliwa kuwa ana mbio. Na sheria iliyowapa Wamarekani wa asili wote uraia ilipitishwa mwaka 1924, miaka 12 baada ya medali yake. Kwa hiyo medali ya kwanza ya Marekani katika mbio hizo ililetwa na mtu ambaye Marekani ilikuwa haijamkubali kuwa raia.

KOCHA: Endelea.

MWALIMU: Ya pili ni dhahabu, na hadi leo ndiyo dhahabu pekee ya Marekani katika mita 10,000. Billy Mills, Tokyo, 1964. Mlakota wa Pine Ridge, South Dakota, yatima tangu akiwa na miaka 12. Amesimulia mwenyewe jinsi alivyoambiwa na mpiga picha atoke kwenye picha ya wanariadha wenzake, na jinsi maneno hayo yalivyomfikisha karibu na kujitoa uhai. Siku ya Tokyo, watu wote macho yao yalikuwa kwa Ron Clarke wa Australia, mwenye rekodi ya dunia. Kengele ya mzunguko wa mwisho ililia wakiwa watatu mbele: Clarke, Mills, na Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Uwanja umejaa wakimbiaji waliopitwa mzunguko mzima, wamezagaa njiani kama abiria kwenye stendi ya mabasi. Clarke amebanwa ndani, anatafuta pa kupenya, anamsukuma Mills kwa mkono. Mills anayumba mpaka nje ya njia. Gammoudi naye anapita katikati yao kama anayefungua mlango, anawaacha wote wawili. Kwa kila aliyetazama, Mills amekwisha. Kwenye mita mia za mwisho Clarke na Gammoudi wanapigania dhahabu peke yao, halafu kule nje, njia za mbali na ukingo wa ndani, anatokea mtu ameinua magoti, anakimbia kama aliyeanza mbio sasa hivi. Alikata utepe kwa 28:24.4. Alikuwa ameupunguza muda wake bora wa maisha kwa zaidi ya sekunde 45 katika mbio moja. Ofisa wa Kijapani alimkimbilia akamwuliza: wewe ni nani?

MTANGAZAJI: Swali letu hilohilo.

MWALIMU: Ndilo. Medali ya tatu ni fedha ya Galen Rupp, London 2012, kijana wa Portland. Ya nne ni shaba ya Grant Fisher, Paris 2024, na Fisher alizaliwa Calgary, Canada. Sasa hesabu, Kocha. Mhopi mfungwa, Mlakota yatima, mzaliwa wa Canada, na Rupp mmoja. Huyo "Mmarekani hasa" unayemlinganisha na Lagat yuko wapi?

KOCHA: Mwalimu, umeniletea watu wawili wanaonitetea mimi. Tewanima na Mills hawakuhama. Walikuwa kwao, na nchi ndiyo iliyowajia. Tewanima baada ya Stockholm alirudi kwa Wahopi kuchunga kondoo, hakuwa na haja ya kubadili kitu. Lagat alipanda ndege. Haya ni mambo mawili. Na Fisher usinichezee, mtoto akizaliwa safarini kijiji chake hakibadiliki.

MWALIMU: Basi na Frank Shorter tumpitishe hivyohivyo. Alizaliwa Munich, Ujerumani, mwaka 1947, na Munich hiyohiyo ndiko aliposhinda marathoni ya Olimpiki mwaka 1972.

KOCHA: Baba yake alikuwa daktari wa jeshi la Marekani. Mpitishe.

Ukiwasikiliza wawili hawa kwa makini, utagundua kwamba hawagombani juu ya mahali pa kuzaliwa hata kidogo, ingawa kila mmoja anapataja katika kila sentensi. Wanagombana juu ya deni: nani anamdai mkimbiaji, na deni hilo hulipwa kwa nini.

MWANARIADHA: Nimengoja mmalize wanaume wenu. Mmeanza na Lagat, mkaenda Tewanima, Mills, Rupp, Fisher, Shorter. Ukinitaka nikutajie mkimbiaji mkuu wa Marekani, nitakutajia Joan Benoit, na sitahitaji kuangalia pasipoti ya mtu. Mpaka mwaka 1980 mwanamke hakuruhusiwa kukimbia zaidi ya mita 1,500 kwenye Olimpiki. Los Angeles 1984 ndiyo iliyofungua marathoni. Aprili 25 mwaka huo Benoit alifanyiwa upasuaji wa goti. Mei 12, siku 17 baadaye, alisimama kwenye mstari wa mchujo wa Marekani kule Olympia, jimbo la Washington, akashinda. Waliowahi kufunguliwa goti wanajua siku 17 ni nini. Siku ya 17 wengine bado wanashuka ngazi kwa makalio.

KOCHA: Hilo sibishi.

MWANARIADHA: Agosti 5, Los Angeles, hata robo saa haijaisha, aliwaacha wote. Nyuma yake alikuwepo Grete Waitz wa Norway, ambaye alikuwa hajui kushindwa marathoni aliyoimaliza. Alikuwepo Rosa Mota wa Ureno, alikuwepo Ingrid Kristiansen. Wakadhani atachoka, wakamwacha aende. Kilomita karibu arobaini alikimbia peke yake, na kwenye barabara kuu ya magari iliyofungwa kwa ajili yao hakuwa na mtu mbele wala ubavuni. Kisha likaja handaki la kuingilia uwanjani. Anaingia gizani, na upande wa pili wanamngoja watu zaidi ya 70,000. Akatokea, akavua kofia yake nyeupe akaipunga. Saa 2:24:52. Mwaka uliofuata, Chicago, akawashinda tena Kristiansen na Mota kwa 2:21:21, na rekodi hiyo ya Marekani ilidumu mpaka 2003, alipoivunja Deena Kastor. Mnapojadili nani mkuu mkaanza na wanaume, mnakuwa mmepunguza nusu ya uwanja kabla bastola haijalia.

MTANGAZAJI: Dada amenishika. Lakini nimwulize: Kastor alipata shaba Athens, na London 2006 akakimbia 2:19:36. Kwa saa, Kastor ni bora kuliko Benoit.

MWANARIADHA: Kwa saa, wakimbiaji wengi wa leo ni bora kuliko Benoit. Kwa saa hata Lagat wako amepitwa. Rekodi yake ya Marekani ya mita 1,500 ilidumu tangu 2005 mpaka 2023, Yared Nuguse alipoivunja, na mwaka uliofuata Cole Hocker akakimbia 3:27.65 na kutwaa dhahabu ya Paris. Saa ni shahidi, lakini haijui kinachomsukuma anayekimbia. Benoit alikimbia mbio ambazo wakubwa wa michezo walisema mwanamke haziwezi.

MWALIMU: Kama kipimo ni hicho, mlango ambao mtu amewafungulia wengine, basi Steve Prefontaine lazima aingie.

KOCHA: Huyo naye! Mwalimu, Prefontaine alikuwa wa nne. Wa nne! Munich 1972, mita 5,000: Lasse Virén, Gammoudi, Ian Stewart, halafu yeye. Munich hiyohiyo Kipchoge Keino alichukua dhahabu ya kuruka viunzi na maji, na fedha ya mita 1,500. Hapa kwetu mtu wa nne hapokewi hata uwanja wa ndege. Wamarekani wamemtengenezea filamu kwa nafasi ya nne.

MWALIMU: Tazama vile alivyoipata hiyo ya nne. Alikuwa na miaka 21. Zikiwa zimebaki mita 1,600 hivi akaenda mbele kuvuta mwendo, wakati kila mwenye akili alikuwa anajificha nyuma. Mzunguko wa mwisho alishambulia, akapitwa, akashambulia tena. Alikuwa akikimbilia dhahabu peke yake, fedha haikumtosha, na kwa sababu hiyo hatua za mwisho nguvu zilimwishia miguuni, Stewart akamnyang'anya hata shaba. Alipofariki kwa ajali ya gari kule Eugene, Mei 30, 1975, akiwa na miaka 24, alikuwa anashikilia rekodi zote za Marekani kuanzia mita 2,000 hadi 10,000. Na miaka yake ya mwisho alipambana na chama kilichosimamia riadha ya ridhaa, kilichowakataza wanariadha kulipwa huku chenyewe kikila matunda ya jasho lao. Mwaka 1978, miaka mitatu baada ya kifo chake, Bunge la Marekani likakipokonya chama hicho madaraka. Kila mkimbiaji anayelipwa leo, Mkenya, Mtanzania au Mmarekani, anakula katika chungu hicho.

KOCHA: Basi mwiteni mwanaharakati mkuu. Mbio ni mbio.

MTANGAZAJI: Na mbio zenyewe, kwa muda mrefu, zimekuwa mali ya pande zote mbili. Jim Ryun wa Kansas alikimbia maili moja kwa 3:51.1 mwaka 1967. Rekodi hiyo ilikaa karibu miaka minane. Aliyeivunja ni Filbert Bayi wa Tanzania, Kingston, Mei 1975, kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katikati hapo, Mexico 1968, Keino akamwacha Ryun huyohuyo kwa karibu sekunde tatu katika mita 1,500. Huwezi kuandika habari za Ryun bila Keino na Bayi. Suleiman Nyambui aliyetuletea fedha ya mita 5,000 Moscow 1980 alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Texas, El Paso. Ibrahim Hussein aliyeshinda New York 1987, na mwaka uliofuata akampita Juma Ikangaa kwa sekunde moja kule Boston, alisoma New Mexico.

KOCHA: Hapo ndipo ninapotaka tufike. Henry Rono alisoma wapi?

MWANARIADHA: Washington State. Chuo cha Lagat.

KOCHA: Chuo cha Lagat. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, Rono alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Mbili kati ya hizo alizivunja palepale Marekani, Berkeley na Seattle. Hakuna Mmarekani aliyewahi kukaribia jambo hilo, wala Mkenya mwingine. Lakini Rono hakubadili uraia wakati huo, kwa hiyo hayumo katika orodha yenu. Pombe ikamshika, akafika mahali pa kulala kwenye makao ya wasio na nyumba, katika nchi hiyohiyo aliyoipa siku 81 zile. Lagat alichukua pasipoti, akapata maisha. Rono hakuchukua, akaachwa barabarani. Halafu mnaniambia wakimbiaji wetu wanakwenda kule kwa hiari.

MWANARIADHA: Mzee wangu, na sisi tulimpa nini Rono? Mwaka 1976 Kenya ilisusia Montreal. Mwaka 1980 ikasusia Moscow. Mtu mwenye rekodi nne za dunia hakukimbia hata Olimpiki moja, na uamuzi haukuwa wake wala wa Marekani, maana Moscow Marekani nayo ilisusia. Wachezaji wao walilia kama sisi. Yeye binafsi hakuulizwa na yeyote.

KOCHA: Hakuulizwa. Hilo kweli.

MWANARIADHA: Nami niliyesoma kule nina la kusema juu ya hiari. Chuo kilinilipia ada, kikanipa daktari, kikanipa mshauri wa masomo aliyenipigia simu nilipokosa darasa. Nilikuwa natoka katika kambi ambako wasichana sita tulilala chumba kimoja, na aliyetusimamia alichukua sehemu ya zawadi zetu akituambia ni gharama za safari. Sikuwahi kubadili uraia. Lakini nikisikia mwenzangu amebadili, siwezi kumrushia jiwe.

MTANGAZAJI: Na tofautisha, Kocha. Mwaka 2003 Stephen Cherono alibadili jina akawa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar, na mwaka huohuo kule Paris akawapiku Wakenya na kutwaa ubingwa wa dunia wa kuruka viunzi na maji. Ile ilikuwa biashara ya mezani, kila mtu aliona. Lagat alikaa Marekani miaka minane kabla ya kuapa. Aliishi pale, alisoma pale.

KOCHA: Sawa, tofauti ipo. Lakini nikumbushe pia tarehe, maana wewe ni mtu wa tarehe. Lagat alikula kiapo cha uraia wa Marekani Mei 2004. Athens ilikuwa Agosti. Sheria ya Kenya siku hizo haikuruhusu uraia pacha, ulikuja na katiba ya 2010. Kwa maana hiyo alisimama kwenye mstari wa Athens na fulana yetu huku nchi ikiwa haijui. Habari zikatoka mwaka uliofuata. Fedha ile tuliyoipigia vigelegele, tukimlilia kwa kukosa dhahabu kwa sekunde 0.12, tulikuwa tunamlilia raia wa nani?

MTANGAZAJI: ...

MWALIMU: Hilo ndilo zito kuliko yote yaliyosemwa leo, na sina jibu la kulipunguza.

MWANARIADHA: Mimi ninalo, ingawa dogo. Siku ile alikimbia kana kwamba ni Mkenya. Aliyeiona mita hamsini za mwisho, yeye na El Guerrouj bega kwa bega, akapita mbele kidogo, akapitwa tena, hawezi kusema kuna kitu alikibakiza.

MTANGAZAJI: Nirudi Rio 2016, Kocha, nawe unijibu kwa moyo. Fainali ya mita 5,000. Kenya ilipeleka watu watatu, wote watatu wakatolewa kwenye mchujo. Katika fainali ile fulana ya Kenya haikuwepo. Lakini wazaliwa wa Kenya walikuwepo: Albert Rop kwa Bahrain, na kwa Marekani Paul Chelimo wa Iten na Lagat huyohuyo, akiwa na miaka 41. Chelimo aliingia jeshi la Marekani, akapata uraia kwa njia hiyo. Alimaliza wa pili nyuma ya Mo Farah, akaambiwa mbele ya kamera katikati ya mahojiano kwamba ameondolewa kwa kukanyaga nje ya njia, kisha akarudishiwa medali yake. Lagat akawa wa tano. Wewe usiku ule ulikuwa unamshangilia nani?

KOCHA: Unauliza jambo la ndani ya nyumba yangu.

MTANGAZAJI: Ndiyo, nakuuliza.

KOCHA: Lagat. Mzunguko wa mwisho nilisimama juu ya kiti. Mke wangu akaniambia nishuke, nitaanguka. Lakini kumshangilia mtoto aliyehama si sawa na kumwandikia jirani hati ya kumiliki.

MWALIMU: Wamarekani wenyewe nao hawajaafikiana. Mwaka 2009 Meb Keflezighi alishinda New York, Mmarekani wa kwanza tangu Alberto Salazar mwaka 1982. Salazar mwenyewe ni mzaliwa wa Havana. Meb alizaliwa Asmara, familia ikakimbia vita, ikapitia Italia, ikafika San Diego mwaka 1987 akiwa na miaka 12. Mbio zote alijifunza Marekani. Alipata fedha ya marathoni Athens. Na bado, siku moja baada ya ushindi wa New York, mwandishi mmoja wa kule aliandika kwamba ushindi ule si mkubwa kama unavyosikika, kwa kuwa Meb ni Mmarekani wa kupewa. Baadaye akaomba radhi. Ndiyo kusema hoja ya Kocha ina wafuasi kule pia, ila wao wanaitumia kumfukuza mtu, Kocha anaitumia kumwita arudi.

KOCHA: Asante kwa kuliona hilo.

MWALIMU: Miaka mitano baadaye, Aprili 21, 2014, Meb alikuwa Boston. Mwaka uliotangulia mabomu mawili yalilipuka karibu na utepe wa mbio hizo. Wiki mbili zilibaki atimize miaka 39. Kwenye pembe nne za namba aliyobandika kifuani aliandika kwa wino majina manne: watatu waliouawa na mabomu, na polisi aliyepigwa risasi siku chache baadaye. Herufi ndogo, kama za mtu anayeandika ndani ya daftari la mtoto. Akatangulia mapema, wakamdharau kama walivyomdharau Benoit. Mwishoni Wilson Chebet wa Kenya akawa anamkaribia hatua kwa hatua, na mwenye umri mdogo ni Chebet. Meb alishinda kwa sekunde 11, kwa 2:08:37. Hakuna mwanaume Mmarekani aliyekuwa ameshinda Boston tangu 1983. Nani angemwuliza siku ile alizaliwa wapi?

KOCHA: Siku ile hakuna. Lakini Chebet angepata wapi siku kama ile? Huku kwetu wa pili wa Boston hana hata bango.

MWANARIADHA: Basi nikupe kitu, Mzee wangu, ili usiseme tumekusonga. Atlanta, Februari 2020, mchujo wa marathoni ya Olimpiki ya Marekani upande wa wanawake. Wa kwanza Aliphine Tuliamuk, mzaliwa wa Pokot Magharibi. Wa tatu Sally Kipyego, aliyewahi kuichukulia Kenya fedha ya mita 10,000 kule London. Katikati yao Molly Seidel wa Wisconsin, akikimbia marathoni ya kwanza maishani mwake. Marathoni ya Olimpiki ilipofika, Sapporo mwaka 2021, dhahabu na fedha zikaenda kwa Peres Jepchirchir na Brigid Kosgei, Wakenya wenye fulana ya Kenya. Shaba ikaenda kwa Seidel. Wazaliwa wetu wawili waliovaa fulana ya Marekani hawakupata kitu. Tuliamuk alikuwa amejifungua Januari ya mwaka huohuo.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo unamaanisha nini?

MWANARIADHA: Kwamba damu ya Bonde la Ufa peke yake haikuwapa medali, na fulana ya Marekani peke yake haikuwapa. Kosgei na Jepchirchir walibaki, wakashinda. Seidel hakutoka popote, akapata shaba katika marathoni yake ya tatu. Kila mmoja ana njia yake, nasi hapa tunataka kuzifunga zote kwa kamba moja.

MWALIMU: Jarida litataka orodha, hata hivyo. Mhariri anangoja. Tunaandika nini mbele ya jina la Lagat?

MTANGAZAJI: Marekani. Ubingwa wa Osaka uko kwenye vitabu hivyo.

KOCHA: Andika Kapsabet. Kisha Juja, maana alianza chuo pale Jomo Kenyatta. Kisha Pullman, kisha Tucson alikohamia. Kwa mpangilio huo, usirukeruke.

MWANARIADHA: Na James Li?

KOCHA: James Li naye mwandike. Kando ya Pullman.

MTANGAZAJI: Na medali ya Athens, Kocha, tunaiweka mstari upi?

KOCHA: Iwekee mstari wake peke yake. Andika tarehe ya Mei, andika na ile ya Agosti.